Badala ya bomba la kila wiki: njia za kuzuia bakajani ya viazi Usambara zikiwekwa bega kwa bega

Mkulima wa viazi mviringo wa Shume, Lukozi, Malindi au Mtae akiingia duka la pembejeo wakati wa masika, swali lake huwa moja: nipige nini? Makala haya yanajibu swali hilo, ila nitalirudisha nyuma kidogo kwanza, kwa sababu njia zinazotajwa kuwa mbadala wa dawa za kuua kuvu hazina uzito mmoja. Baadhi zinazuia ugonjwa kweli. Baadhi zinauchelewesha siku chache. Nyingine zinasifiwa mno vijijini na kwenye simu, na kwa viazi hazisaidii kitu. Mkulima anayezitia zote kapu moja hupoteza shamba, kisha husema kilimo kisichotegemea kemikali ni maneno ya semina.

Msimamo wangu nauweka mbele. Kwa milima yetu yenye ukungu, mbadala wa kwanza wa dawa ni mbegu inayostahimili. Vinyunyizwa vingine vyote, viwe vya madini, vya vijidudu au vya majani, hufanya kazi nzuri juu ya mbegu hiyo, na juu ya mbegu dhaifu hushindwa mvua ikikaza.

Ugonjwa tunaoshindana nao

Bakajani chelewa huletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora infestans. Huonekana kama kuvu na huishi kama kuvu, lakini kwa ukoo kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Jambo hili lina maana kubwa dukani. Ukuta wa chembe zake umejengwa zaidi kwa selulosi, ile ya mimea, kuliko kitini ya kuvu halisi, na dawa za kundi la triazoli zinazotibu kutu ya kahawa hazikigusi. Mtu anaweza kununua dawa halali, yenye lebo nzuri, akapiga kwa bidii, na ugonjwa ukaendelea kutembea shambani kana kwamba amemwaga maji.

Spora zake, yaani vijimbegu vyake vidogo mno, husafiri kwa upepo. Zikitua kwenye jani lililolowa, na jani likabaki limelowa usiku kucha katika joto la kati ya nyuzi 10 na 25 hivi, huingia ndani. Baridi ikiongezeka, chini ya nyuzi 15 hivi, kila kifuko cha spora hupasuka na kutoa spora ndogo kadhaa zinazoogelea kwenye tone la maji, hivyo kifuko kimoja huzaa wavamizi wengi. Siku nne hadi sita baadaye jani lililoambukizwa linakuwa tayari kurusha spora mpya. Hesabu ya namna hii ndiyo inayofanya shamba lililokuwa la kijani Ijumaa lionekane limeunguzwa Ijumaa ya pili yake.

Wakulima wa Uingereza kwa miaka mingi walipewa tahadhari kila zilipotimia siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10 na unyevu wa hewa ulifika asilimia 90 kwa saa 11 au zaidi. Mwaka 2017 kigezo kikashushwa hadi saa 6, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukitangulia onyo. Sasa fikiria masika ya kando ya msitu wa Magamba, ukungu unashuka jioni na umande haukauki mpaka jua lipande sana. Usiku wa namna hiyo kwetu ni wa kawaida. Ndiyo maana ushauri unaotolewa kwa wakulima wa nyanda kavu hauwezi kuhamishiwa hapa bila kupimwa upya.

Dalili zake: madoa meusi yaliyolowa yenye ukingo wa kijani kilichopauka, na asubuhi ukigeuza jani chini yake kuna utando mweupe. Usiichanganye na bakajani tangulia, ambayo ni kuvu halisi, hupenda joto, huanza kwenye majani ya chini yaliyozeeka, na madoa yake yana duara ndani ya duara. Hiyo ya pili huja zaidi kwenye viazi vyenye njaa. Samadi iliyoiva na mbolea ya kutosha huipunguza kuliko chupa yoyote. Tughutu, ule mti ambao Wasambaa wanaufahamu vizuri kwa kurutubisha udongo, una nafasi yake hapa: majani yake yakifukiwa mapema hulisha zao.

Dawa ya dukani: tunachotaka kukibadilisha

Haki itendeke kwanza. Mankozebu, na mchanganyiko wa mankozebu na metalaksili, zimeokoa viazi vingi Lushoto. Mankozebu hukaa juu ya jani na kuzuia spora isiote. Metalaksili huingia ndani ya mmea. Zinapatikana kila duka, mkulima anazijua, na zikipigwa kabla ugonjwa haujaingia hufanya kazi hata kwenye mbegu dhaifu. Mbadala wowote usiokiri hilo hautamshawishi mtu aliyekopa fedha ya kulimia.

Ubaya wake nao ni wa kweli. Metalaksili ilianza kushindwa na kimelea hiki Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1980, muda mfupi tu baada ya kuingia sokoni, kwa kuwa hupiga sehemu moja tu ya uhai wa kimelea, na kimelea kikabadilika. Ndiyo sababu siku hizi huuzwa ikiwa imechanganywa na dawa nyingine. Mankozebu haijapata usugu wa namna hiyo, lakini ikivunjika hutoa kitu kiitwacho ETU kinachovuruga tezi ya shingo, na Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa mwaka 2020 kutoihuisha idhini yake. Kwetu inaendelea kuuzwa na kupigwa, mara nyingi bila glavu, kwa bomba linalovuja mgongoni, juu ya mfereji ambao chini yake kuna mtu anachota maji ya kupikia. Hilo linanisumbua kuliko yote yaliyomo katika makala haya. Mito ya milima hii haiishii Lushoto. Umba unaanzia huku juu na kushuka mpaka baharini.

Halafu kuna gharama. Kwenye mvua nyingi mkulima hupiga kila siku saba, na wengine hupunguza hadi siku nne au tano. Zao la miezi mitatu na nusu linakula mabomba mengi, na kila bomba ni dawa, maji ya kubebwa kichwani na kibarua. Atakapouza kwa lumbesa, bei ya gunia haitauliza alipiga mara ngapi.

Mbegu stahimilivu ikilinganishwa na dawa

Tuziweke mbili pamoja. Dawa unanunua kila wiki, inaoshwa na mvua, na ukikosa zamu moja wakati mbaya umepoteza. Ustahimilivu wa mbegu unanunuliwa mara moja, mvua haiuoshi, na unafanya kazi usiku ukiwa umelala.

Miongoni mwa mbegu zilizopitishwa Tanzania, Sherekea ina ukinzani wa juu dhidi ya bakajani chelewa, na Asante ina ukinzani wa kati. Zote mbili zimetokana na vizazi vya Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru. Kwa upande mwingine iko Shangi ya Kenya, ambayo wakulima wanaipenda kwa sababu huiva upesi na kuchipua upesi, lakini bakajani huishika haraka. Mtu anayepanda Shangi katikati ya masika juu mlimani kisha anataka kuachana na dawa, anajiwekea mtihani asioweza kuushinda. Shangi hiyo hiyo akiipanda kiangazi bondeni kwa maji ya mfereji, hoja ya kuiva mapema inageuka kuwa faida.

Sherekea ina mapungufu yake. Huchukua muda mrefu zaidi shambani kuliko mbegu za haraka, kwa hiyo fedha inachelewa kurudi. Mnunuzi naye ana neno lake: muuza chipsi wa Tanga mjini anataka kiazi chenye umbo na rangi aliyoizoea, na dalali akiona mbegu ngeni hukata bei kwanza ndipo aulize. Kabla ya kubadili shamba zima, panda matuta machache, kaanga nyumbani, mpelekee mteja wako gunia moja aone.

Ukinzani nao unaweza kuzeeka. Ule unaosimama juu ya jeni moja, yaani kipande kimoja cha urithi, huvunjwa na kimelea baada ya misimu kadhaa. Ule unaotokana na jeni nyingi hudumu zaidi, ingawa jani huonyesha madoa machache. Mkulima akiona madoa machache kwenye Sherekea asikimbilie kung'oa wala kupiga dawa kali. Hivyo ndivyo ustahimilivu wa namna hii unavyoonekana: ugonjwa unaingia, ila unatembea polepole. Uganda wamejaribu shambani viazi vya aina ya Victoria, ambayo ndiyo Asante yetu, vikiwa vimewekewa jeni tatu kutoka ndugu zake wa porini kwa uhandisi jeni. Hiyo si mbegu unayoweza kuinunua Lushoto leo, hivyo siiweki kwenye mizani.

Mbegu bora unaipata wapi? Hapa ndipo penye shida yetu kubwa. Mbegu ya viazi ni nzito, haijai kwenye pakiti kama ya kabichi. Ekari moja hula magunia kadhaa. Uliza mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na kwa maelezo ya aina uliza ofisi ya kilimo ya halmashauri au TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Ukikosa, nunua kidogo uzalishe mwenyewe kwenye kipande kilichopumzishwa. Mimea ikikaribia kutoa maua, pita ukiweka vijiti kwenye mashina yenye afya pekee, na wakati wa kuvuna chimba hayo kwanza uyatenge kuwa mbegu. Kenya majaribio ya uteuzi wa namna hii kwenye mashamba ya wakulima yaliongeza mavuno kwa takriban theluthi moja. Desturi yetu ya kuuza viazi vikubwa na kubakiza vile vidogo vya mwisho kuwa mbegu inafanya kinyume chake, kwani mara nyingi kiazi kidogo hutoka kwenye shina lililokuwa gonjwa.

Mrututu na chokaa

Mchanganyiko huu wa chokaa na mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, ulitangazwa Ufaransa mwaka 1885 kutoka mashamba ya mizabibu ya Bordeaux. Ulikuja miaka 40 baada ya bakajani kuvamia Ireland, ambako njaa iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja. Ndio uliokuwa dawa ya kwanza ya kweli dhidi ya ugonjwa huu, na mpaka leo shaba inaruhusiwa katika viwango vingi vya kilimohai.

Namna ya kuutengeneza kwa bomba moja la lita 20: gramu 200 za mrututu ziyeyushwe kwenye lita 10 za maji ndani ya ndoo ya plastiki. Gramu 200 za chokaa iliyozimwa zikorogwe kwenye lita 10 nyingine. Mimina maji ya mrututu taratibu ndani ya maji ya chokaa huku unakoroga, kisha chuja kwa kitambaa. Tumbukiza msumari safi kwa dakika chache. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza majani. Usitumie ndoo ya bati. Tumia siku hiyo hiyo, na usiweke kiporo.

Ukiweka shaba kando ya mankozebu, zinafanana kwa jambo moja: zote hulinda, haziponyi. Jani lililokwisha kuingiliwa limekwenda. Mankozebu ina nguvu zaidi mvua ikizidi. Shaba haijapata usugu, na vitu vyake mtu anaweza kuvipata na kujichanganyia.

Ila shaba haiozi. Ikishaingia ardhini hubaki ardhini, na ikizidi inaumiza minyoo ya udongo, na ikifika mtoni inaua samaki. Hesabu hii inafaa kila mkulima aifanye: robo ya uzito wa mrututu ni shaba yenyewe. Bomba moja la gramu 200 lina gramu 50 za shaba. Ekari ikihitaji mabomba 10, umeweka nusu kilo ya shaba kwa zamu moja. Ulaya kikomo ni kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka saba, wastani wa kilo 4 kwa hekta kwa mwaka, ambayo kwa ekari ni kama kilo 1.6. Kwa nguvu hiyo, zamu tatu zimemaliza posho ya mwaka mzima. Anayesema atapiga mrututu kila wiki kwa kuwa ni wa asili anatia sumu shamba la wajukuu wake. Juu ya Sherekea zamu tatu zinaweza kutosha kukuvusha kipindi kibaya. Juu ya Shangi ya masika hazitoshi.

Fosfonati

Huyu hajulikani sana kwetu na nadhani anastahili kujulikana. Fosfonati ya potasiamu ni chumvi inayopanda na kushuka ndani ya mmea mpaka kwenye kiazi chenyewe, na hufanya kazi mbili: humdhoofisha Phytophthora moja kwa moja na huamsha kinga ya mmea. Sumu yake kwa binadamu ni ndogo mno ikilinganishwa na dawa nyingi, na haiachi metali ardhini. Ikichanganywa na nusu ya dozi ya kinga ya juu ya jani hufanya vizuri kuliko ikiwa peke yake.

Tahadhari mbili. Fosfonati si fosfeti; mmea haupati mbolea ya fosforasi kutoka humo hata kama muuzaji ataiita mbolea ya majani. Na kama unauza kwa mnunuzi wa kilimohai, muulize kwanza, kwa kuwa viwango vya Ulaya havikubali fosfonati kwenye kilimohai. Kwa anayetafuta kupunguza sumu bila cheti chochote, mimi ningeichagua kabla ya mrututu, ilimradi iwe na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka inayosimamia viuatilifu nchini, na iwe imesajiliwa kwa viazi.

Vijidudu rafiki: vizuri, lakini kwa kazi yake

Bidhaa zenye Bacillus subtilis na Trichoderma zinaongezeka Afrika Mashariki. Nimeona wakulima wakivunjwa moyo nazo kwa sababu ziliuzwa kwao kama badala ya dawa ya bakajani chelewa. Kwa kazi hiyo ya majani, wakati wa mvua nyingi, ziko chini ya shaba. Ni viumbe hai. Jua kali na duka lenye joto huviua kabla havijafika shambani.

Nguvu ya Trichoderma iko ardhini. Kutibu mbegu au mfereji wa kupandia kunasaidia dhidi ya rizoktonia, yale magamba meusi yanayoganda kwenye ngozi ya kiazi yasiyotoka hata ukiosha, na dhidi ya kuoza kunakoletwa na fuzari. Huko kuvu ni kuvu halisi, na Trichoderma anamla. Ukiinunua kwa lengo hilo, ikiwa haijapitwa na tarehe, na ukaiweka pamoja na mboji iliyoiva, fedha yako haijapotea.

Majani na vya jikoni

Utupa, mwarobaini, pilipili na vitunguu saumu vina sifa za haki kwa wadudu. Utupa hasa unajulikana Lushoto kwa kazi hiyo. Bakajani chelewa si mdudu. Vitunguu saumu vimeonyesha kupunguza spora kwenye majaribio ya maabara, lakini shambani mvua moja inaviosha. Maziwa na magadi vinasifiwa kwa sababu vinafanya kazi kwenye ubwiri unga wa maboga na matango, ambao ni ugonjwa mwingine wa mmea mwingine. Majivu yaliyonyunyizwa juu ya majani yaliyolowa hayazuii chochote.

Nasema hivi nikijua kuna wataalamu wa kilimo asilia watakaokasirika. Mkulima aliyeambiwa akamue majani akaacha kila kitu kingine, shamba likaungua, anarudi kwenye dawa kali na haondoki tena. Tuviache vitu hivi kwenye wadudu, ambako vinasaidia.

Maji, msimu na jirani

Mbinu za shambani hazina muuzaji, kwa hiyo hazina mtu wa kuzitangaza. Kwa hesabu yangu ndizo za pili baada ya mbegu.

Kwanza msimu. Viazi vya masika juu mlimani na viazi vya kiangazi bondeni ni kama mazao mawili tofauti. Vya masika havihitaji kumwagiliwa ila ugonjwa ni mkali. Vya bondeni vinahitaji maji na kibarua ila majani hukauka mapema asubuhi. Anayetaka kujifunza kulima kwa dawa kidogo aanzie bondeni kiangazi, si mlimani masika.

Pili namna ya kumwagilia. Mpira wa kunyunyiza juu unalowesha majani, na ukinyunyiza jioni umempa kimelea usiku mzima. Mfereji unaacha majani makavu. Hata hivyo mfereji una hatari nyingine: unabeba bakteria wa mnyauko kutoka shamba la juu kuja la chini. Hapa hakuna jibu moja. Kama mashamba ya juu yako yana mnyauko, mpira wa asubuhi, majani yakaushwe na jua la mchana, ni salama kuliko mfereji. Kama huko juu ni kusafi, mfereji unashinda.

Tatu nyanya. Kimelea hiki kinakula nyanya sawasawa na viazi, na mabonde yetu yamejaa nyanya mwaka mzima. Nyanya zilizotelekezwa baada ya bei kuanguka, maotea ya viazi ndani ya mahindi, na rundo la viazi vibovu kando ya njia ndiko ugonjwa unakoishi kati ya msimu na msimu. Kung'oa na kufukia hivyo kunapunguza mabomba ya dawa, lakini mtu mmoja akifanya peke yake haitoshi, kwa kuwa spora huvuka kilima kwa upepo. Hili ni jambo la kupelekwa kwenye mkutano wa kitongoji, wazee wakasema neno, na wenye mashamba yanayopakana wakakubaliana siku.

Mengine kwa ufupi: nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ili upepo upite, kupandishia udongo matuta vizuri ili spora zinazooshwa na mvua zisifikie viazi, na kukata mashina wiki mbili kabla ya kuchimba, ngozi ikomae na spora za juu zife. Hili la mwisho hugharimu panga na asubuhi moja tu, na huokoa magunia ambayo yangeozea ghalani.

Kwa mnyauko, usinunue chochote

Shina likinyauka mchana likiwa bado la kijani, kata kipande, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ikitoka michirizi myeupe kama maziwa ikishuka chini, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kuupiga, ya kiwandani wala ya asili, na anayekuuzia anakuibia. Ng'oa shina na udongo wake, na shamba lipumzishwe misimu kadhaa kwa mahindi au vitunguu. Usipande nyanya, pilipili, hoho wala biringanya hapo, zote ni za ukoo mmoja na viazi.

Basi uchague nini

Mwenye robo au nusu ekari mlimani, anayelima masika kwa chakula na kuuza kidogo: Sherekea, matuta yaliyopandishiwa vizuri, na mrututu si zaidi ya mara tatu, kwenye wiki zenye ukungu mzito tu. Hahitaji kingine.

Anayelima bondeni kiangazi kwa soko la Tanga na Dar es Salaam, na mnunuzi wake anang'ang'ania mbegu dhaifu: fosfonati ndiyo msingi, pamoja na mbegu iliyochaguliwa kwa vijiti. Dawa ya mankozebu iwe akiba ya mvua isiyotarajiwa, ipigwe na mtu aliyejifunika, na tarehe ya kuvuna ifuate lebo.

Anayetaka soko la kilimohai: aanze na mnunuzi na masharti yake, kisha mbegu, ndipo shaba. Masika mlimani asijaribu mwaka wa kwanza.

Na kabla ya kubeba bomba, yeyote yule, ajiulize mambo matatu: siku ngapi tangu nipige mara ya mwisho, mvua imenyesha siku ngapi ndani ya hizo, na mbegu yangu inastahimili kiasi gani. Wakulima wa Andes wamefundishwa kuamua kwa maswali hayo hayo, wakitumia visahani vya karatasi vinavyozungushwa. Mwenye Sherekea kwenye wiki kavu atajikuta hana sababu ya kupiga.

Kama umeshapanda mbegu dhaifu na leo asubuhi umeona utando mweupe chini ya jani, mrututu umechelewa, na mitishamba haitakuokoa. Ng'oa mashina yenye madoa pamoja na yanayoyazunguka, yatie kwenye gunia la plastiki palepale usiyaburute shambani, uyafukie mbali na mfereji. Linda yaliyobaki kwa dawa iliyosajiliwa msimu huu. Viazi vikiwa vimeshafikia ukubwa wa kuuzika, kata mashina yote leo, subiri wiki mbili, uchimbe siku kavu. Mbegu ya msimu ujao usiitoe humo.